Nyumba ya mirathi igawanywe hisa ngapi? Milioni moja, 720,720 au 518,918,400

Nyumba yetu ya Kibokoni, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, ina ghorofa mbili, maduka mawili chini na mlango wa nakshi ambao wageni wanaotoka Fort Jesus husimama kuupiga picha. Wenyewe ni kumi. Daftari la mirathi linakaa kwangu kwa sababu katika ukoo mzima mimi ndiye niliyesomea hesabu, na ami zangu walipochoka kubishana walinikabidhi wakasema, "Haya, mwanetu, tuwekee sawa."

Usiku wa kwanza nilijumlisha safu ya asilimia. Ikaja 100.02. Nikarudia kwa kalamu, pole pole, ikaja ile ile. Ami zangu watatu walioandikwa walikuwa na 19.28 kila mmoja, shangazi watatu 9.64 kila mmoja, mjane wa ami yangu mkubwa 1.99, wanawe wawili wa kiume 4.51 kila mmoja, na binti yake mdogo 2.25. Kila tarakimu imekadiriwa vizuri hadi sehemu ya mia, hakuna aliyekosea wala aliyeiba. Lakini nyumba hiyo ikiuzwa, tuseme, shilingi milioni 15, daftari linaahidi shilingi 3,000 ambazo hazipo. Na ukiliangalia zaidi unaona jambo baya kuliko hilo: haki kamili ya yule binti ni shilingi 338,068, na kwa asilimia 2.25 anapata 337,500. Amepungukiwa 568. Kila mmoja wa ami zangu naye amezidishiwa 586. Ni fedha ndogo, lakini ni mali ya yatima, na mali ya yatima kwetu haikadiriwi.

Kosa lilikuwa la nambari iliyochaguliwa kugawia. Mtu fulani zamani alichagua 100 kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka. Ndipo nikaanza kutafuta: tukiamua kwamba nyumba hii ni hisa kadhaa, nambari nzima, bila desimali, ziwe ngapi? Nimezijaribu nambari nyingi na nimebaki na chache zinazostahili kuwekwa ubavu kwa ubavu. Naandika kwa ajili ya kila anayeshika daftari kama hili, Kibokoni, Majengo, Likoni au popote.

Kwanza, mafungu yanatoka wapi

Nani ni mrithi na nani si mrithi ni kazi ya kadhi, si yangu. Mazishi, madeni na wasia usiozidi theluthi hutangulia. Mimi naingia baada ya hapo, pale ambapo mafungu yamejulikana na sasa yanataka kuandikwa.

Babu alipofariki aliacha mke, wana 4 na mabinti 3. Mke, marehemu akiwa na watoto, hupata thumni, yaani 1/8. Zinazobaki 7/8 ni za watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja: wana 4 ni mafungu 8, ongeza mabinti 3, jumla 11. Kwa hiyo nyumba inataka kugawika kwa 8 na kwa 11 pamoja, yaani kwa 88. Bibi 11, kila mwana 14, kila binti 7.

Kisha ami mkubwa akafariki, mama yake, yaani Bibi, akiwa hai. Bibi akapata sudusi, 1/6, ya mali ya mwanawe. Mjane akapata thumni. Zikabaki 17/24 za wana wawili na binti mmoja, mafungu 5. Asili ya mas'ala, yaani nambari ndogo inayobeba mafungu hayo, ni 24, ikasahihishwa kuwa 120 ili zile 17 zigawike kwa 5. Nayo mali yenyewe ilikuwa 14/88 ya nyumba, au 7/44 ukiifupisha. Ukizidisha mpaka mwisho, binti wa ami mkubwa ana 119 katika 5,280.

Mwisho Bibi mwenyewe akatangulia. Thumni yake ya zamani pamoja na sudusi ya mwanawe zikawa 5/33 ya nyumba, zikagawanywa kwa wana watatu na mabinti watatu waliobaki, mafungu 9. Sasa kumeingia 297, yaani 33 mara 9. Hii ndiyo wanazuoni wa faraidhi, elimu ya kugawa mirathi ya Kiislamu, wanaiita munasakha, mirathi juu ya mirathi, na anayejua nyumba za Mji wa Kale anajua kwamba tatu ni chache. Kuna nyumba zina tabaka sita.

Jinsi ya kuipima nambari

Ukubwa wa nambari haukuambii kitu. Kinachokuambia ni nambari tasa zilizomo ndani yake, zile zisizogawika ila kwa moja na kwa zenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17 na kuendelea. Kila nambari nzima kubwa kuliko moja hujengwa kwa kuzidisha tasa hizi, na kwa njia moja tu. Mirathi ikidai 88, ambayo ni 2 mara 2 mara 2 mara 11, inadai 2 tatu na 11 moja. Nambari yako ikiwa nazo, mgawo unaingia. Ikikosa hata moja, unabaki na desimali, na desimali ndiyo iliyotuletea 100.02.

Mimi naangalia vitu viwili. Upana: ina tasa ngapi mbalimbali? Kina: kila tasa imo mara ngapi? Upana unahitajika kwa sababu hujui familia itazaa watoto wangapi. Mafungu 11 au 13 huja bila kubisha hodi. Wana 4 na mabinti 3, au wana 5 na binti 1, ni 11 tayari. Wana 5 na mabinti 3 ni 13. Kina kinahitajika kwa sababu ya munasakha. Kila kifo kinaleta thumni au rubui (1/4) au sudusi yake, na zote zimejengwa kwa 2 na 3. Tabaka la kwanza likila 2 tatu, la pili linataka nyingine, la tatu nyingine tena.

Kuhesabu vigawo vya nambari, yaani nambari zote zinazoigawa bila kubakisha, si kazi ngumu. Chukua idadi ya kila tasa, ongeza moja, kisha zidisha. Milioni ina 2 sita na 5 sita: saba mara saba, vigawo 49.

| Nambari | Idadi ya vigawo | Ya kwanza isiyoigawa | 27 | 64 | 88 | 5,280 |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 1,000,000 | 49 | 3 | hapana | ndiyo | hapana | hapana |
| 720,720 | 240 | 17 | hapana | hapana | ndiyo | hapana |
| 3,628,800 | 270 | 11 | ndiyo | ndiyo | hapana | hapana |
| 47,520 | 96 | 7 | ndiyo | hapana | ndiyo | ndiyo |
| 367,567,200 | 1,152 | 19 | ndiyo | hapana | ndiyo | ndiyo |
| 518,918,400 | 1,080 | 17 | ndiyo | ndiyo | ndiyo | ndiyo |

Safu ya 27 nimeiweka kwa sababu maalumu nitakayoieleza. Ya 64 hutokea mtu akiacha mke, wana 3 na mabinti 2: thumni, halafu mafungu 8.

Milioni moja

Hii ndiyo kila mtu huitaja kwanza. Inasomeka, inaandikika, na ukifuta sifuri nne unapata asilimia. Lakini haina 3. Theluthi haiingii, sudusi haiingii, na faraidhi bila theluthi na sudusi haipo. Kwa nyumba yetu ilishindwa tangu kifo cha kwanza: kila mwana wa Babu angeandikiwa hisa 159,090.909, na desimali hazina mwisho.

Hata hivyo nisiidhulumu. Ina 2 sita, kina ambacho 720,720 haina. Ile familia ya mke, wana 3 na mabinti 2 ingegawiwa kwa milioni bila taabu, fungu moja la 64 likiwa hisa 15,625. Familia iliyojaaliwa idadi kama hizo, na ikauza mapema kabla ya munasakha, haitaona tatizo.

Jambo moja lilinishangaza nilipokuwa nikiipima. Toa hisa moja tu kwenye milioni, ibaki 999,999, na tabia yote inageuka: sasa inagawika kwa 27, 7, 11, 13 na 37, vigawo 64 badala ya 49. Lakini imekuwa witiri, haigawiki hata nusu, kwa hiyo mjane hana thumni. Shuka tena hadi 999,983, hisa 17 chini ya milioni, na unakuta nambari tasa, kubwa kuliko tasa zote zilizo chini ya milioni. Haigawiki kwa mtu yeyote. Nambari tatu zilizo jirani kiasi hicho, na hazifanani kwa lolote ambalo mgawaji analihitaji.

720,720

Hii naipenda na sitaficha. Iandike uitazame: 720, kisha 720. Nambari yoyote ya tarakimu tatu ukiirudia hivyo umeizidisha kwa 1,001, na 1,001 ni 7 mara 11 mara 13. Nayo 720 ni 1 mara 2 mara 3 hadi 6. Ndiyo maana nambari hii inagawika kwa kila nambari kuanzia 1 hadi 16, na ndiyo ndogo kuliko zote zenye sifa hiyo. Chini ya milioni hakuna inayoizidi kwa wingi wa vigawo. Wapo wanaofika 240 kama yeye, lakini wote ni wakubwa kuliko yeye.

Plato, yule mwanafalsafa wa Ugiriki, alipopanga mji wake wa kufikirika aliugawa katika viwanja 5,040, kwa sababu 5,040 inagawika kwa kila nambari hadi 10, na 12 pia. Ilikosa 11 tu, na alilitaja jambo hilo. Zidisha 5,040 kwa 11, kisha kwa 13, na umefika 720,720. Laiti angekwenda hatua mbili zaidi.

Kwa chama, nambari hii haina mpinzani. Wanawake 14 wakinunua kiwanja pamoja, kila mmoja ana hisa 51,480. Wawili wakitoka, wakabaki 12, ni 60,060. Wakiwa 13 ni 55,440, wakiwa 16 ni 45,045. Chama kinagawanywa kwa usawa na mara moja, kwa hiyo kinahitaji upana tu. Ukiwa mweka hazina wa chama kisichozidi watu 16, chukua hii na usisome zaidi.

Kwa mirathi nilianza nayo kwa furaha. Kifo cha Babu kiliingia vizuri: Bibi 90,090, kila mwana 114,660, kila binti 57,330. Nikaingia kwa ami mkubwa. Bibi 19,110, sawa. Wanawe wa kiume 32,487 kila mmoja, sawa. Nikafika kwa yule binti: 16,243 na nusu. Na mama yake: 14,332 na nusu. Mkono ulisimama. Ilikosekana 2 moja tu. Mgawo unadai 5,280, yenye 2 tano, na 720,720 ina nne. Nusu hisa ya nani iongezwe, na ya nani ipunguzwe? Baina ya mjane na mtoto wake wa kike, mimi nisingeweza kuamua, na sikutaka nambari iniamulie kwa kukadiria.

Kuna na lile la 27. Wakati mwingine mafungu yaliyotajwa yakijumlishwa huzidi mali yenyewe, na hapo kuna auli: mafungu yote yanapunguzwa kwa uwiano. Aliyeacha mke, mabinti wawili, baba na mama ana mas'ala ya 24, lakini mafungu yanakuja 3, 16, 4 na 4, jumla 27. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa swali hili akiwa juu ya mimbari akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke imekuwa moja ya tisa. Mas'ala hiyo mpaka leo inaitwa ya mimbari. Ina 3 tatu ndani yake, na 720,720 ina mbili.

3,628,800

Ni zao la 1 hadi 10 yote. Kina chake ni kizuri sana, 2 nane na 3 nne. Sekunde za wiki sita kamili ni hizo hizo 3,628,800, ukitaka kuikumbuka. Lakini haina 11 wala 13, na familia yetu ilianza na 11. Wenye familia ndogo wataipenda, na ina faida kwamba inaingia kwenye kikokotoo chochote.

47,520, nambari iliyoshonwa kwa kipimo

Mafundi wa faraidhi hawachagui nambari dukani. Wanaitoa ndani ya mas'ala yenyewe: wanatafuta iliyo ndogo kuliko zote inayobeba mafungu yote yaliyopo. Ya nyumba yetu, baada ya vifo vitatu, ni 47,520. Kila ami 9,160, kila shangazi 4,580, mjane 945, wanawe 2,142 kila mmoja, binti 1,071. Hakuna kilichobaki, hakuna kilichozidi, na tarakimu ni fupi. Kwa nyumba inayouzwa kesho, hii ndiyo bora, na ningekuambia usihangaike na nyingine. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu, alijaza sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa mas'ala za wasia na mirathi za namna hii, kwa hiyo hii ni kazi ya zamani na yenye heshima.

Shida yake ni nyumba isiyouzwa. Mwanzoni nambari ilikuwa 88. Kifo cha pili kikaifanya 5,280, cha tatu 47,520. Kila mara karatasi yote inaandikwa upya, na mtu aliyekariri kwamba ana hisa 14 anaambiwa sasa ana 840, kisha 7,560, na hapo bado hajahesabiwa alichorithi kwa mama yake. Fungu lake la zamani halijabadilika, lakini jaribu kumweleza shangazi wa miaka 70 barazani kwamba kuongezeka huko si kuongezeka. Nimejaribu. Alinisikiliza kwa adabu, akanimiminia kahawa, akauliza tena swali lile lile. Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu kila daftari linapoandikwa upya ndipo makosa na ugomvi huingia.

Kwa hiyo nilichokitafuta ni nambari iliyo na akiba: inayobeba mafungu ya leo na bado ina tasa za kutosha kubeba vifo vijavyo bila kubadilishwa.

Bingwa wa vigawo dhidi ya nambari yenye kina

Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikukitarajia. Mwaka 1915, huko Uingereza, Ramanujan, yule Mhindi aliyefariki akiwa na miaka 32, alichapisha utafiti mrefu kuhusu nambari zenye vigawo vingi kuliko kila nambari iliyo ndogo kuliko zenyewe. 5,040 ni mmojawapo wa ukoo huo, 720,720 pia. Nikafikiri: basi nichukue mmoja mkubwa wa ukoo huo nimalize kazi. Nikachukua 367,567,200. Ina vigawo 1,152. Ina 17, ambayo hata 720,720 haina, na inagawika kwa kila nambari hadi 18. Nyumba yetu iliingia yote, bila desimali hata moja. Binti wa ami mkubwa alipata hisa 8,284,185.

Tazama tarakimu ya mwisho. Ni 5. Nambari ni witiri. Mwenyezi Mungu ampe umri mrefu na wajukuu, lakini siku yake ikifika, naye akiacha mume na watoto, mume anadai rubui, na hisa zake hazigawiki hata kwa mbili. Nikaigawanya 367,567,200 kwa 47,520 kuona akiba yote iliyobaki: 7,735, yaani 5, 7, 13 na 17. Haina 2 wala 3. Bingwa huyu amepata vigawo vingi kwa kujitanua, akaacha kina. Kwa mirathi, ambayo kila kifo kinakuja na 2 na 3 zake, wingi wa vigawo peke yake ulinipotosha.

Nikarudi kwenye zile mbili zilizoshindwa kila moja kwa upande wake. 3,628,800 ina kina bila upana. Inakosa 11 na 13. Nikaizidisha kwa 11 na kwa 13. Ikaja 518,918,400. Na hapo nikaona kwamba ni 720,720 mara 720, kana kwamba zilikuwa zikingojeana. Ndani yake mna 2 nane, 3 nne, 5 mbili, na 7, 11, 13 moja moja. Vigawo 1,080, pungufu ya bingwa, na bingwa ni mdogo kuliko yeye. Kwa kipimo cha Ramanujan imeshindwa. Kwa nyumba ya Kibokoni imeshinda: yule binti ana hisa 11,695,320, zinazogawika kwa 8 na kubaki nzima, na akiba ya nyumba yote ni 10,920, yenye 2 tatu, 3 moja, 5, 7 na 13.

Ina udhaifu, na lazima usemwe. 11 yake imekwisha kutumika. Mmoja wa ami zangu akiacha wana 4 na mabinti 3 kama baba yake, itabidi izidishwe kwa 11. 17 haimo kabisa, kwa hiyo wana 8 na binti 1 wataishinda, na vilevile ile mas'ala maarufu ya wajane: wake 3, bibi 2, dada 4 wa kwa mama na dada 8 wa baba na mama, wanawake 17 ambao auli huwapa kila mmoja fungu moja sawasawa. Hakuna nambari nzima isiyo na ya kuishinda. Unachochagua ni umbali wa siku hiyo. Na ina tarakimu tisa. Kikokotoo kidogo cha mfukoni chenye nafasi nane hakitaionyesha. Tumia simu, au kile kikubwa cha dukani chenye nafasi kumi na mbili.

Urefu huo unafanya watu waogope kukosea wakati wa kunakili. Nilikuwa na hofu hiyo pia, mpaka nilipokumbuka kwamba 1,001 imo ndani yake. Gawa tarakimu tatu tatu kutoka kulia: 400, 918, 518. Toa ya kati kwenye jumla ya mbili za pembeni: 400 na 518 ni 918, toa 918, sifuri. Ikija sifuri, nambari inagawika kwa 7, 11 na 13. Kisha jumlisha tarakimu zote: 5, 1, 8, 9, 1, 8, 4 ni 36, inagawika kwa 9. Ukikosea tarakimu moja wakati wa kunakili, jaribio la kwanza halitakuja sifuri, na utajua palepale, hata bila kikokotoo, umekaa barazani na kikombe cha kahawa.

Mimi ningechagua hivi

Unauza na kugawana mara moja: toa nambari ya familia yako mwenyewe, kama 47,520 yetu, na uishie hapo. Chama, hisa sawa, watu wasiozidi 16: 720,720. Familia ndogo ambayo mafungu yake hayafiki 11: 3,628,800 inatosha miaka mingi. Milioni ningeiacha kwa wenye kampuni wanaouziana hisa na hawarithiani sudusi. Nyumba ya wakfu wa ukoo isiyouzwa, inayokusanya kodi na kuzika wenyewe mmoja baada ya mwingine: 518,918,400, na iandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari pamoja na tasa zake, ili atakayelishika baadaye ajue ni nini kilichobaki cha kugawia. Nimesema wakfu kwa mazoea ya watu kusema. Kama ni wakfu wa kweli kisheria haurithiwi, na hilo mwulizeni kadhi kabla ya kufungua daftari lolote.

Swali moja ami yangu aliniuliza, na ni swali zuri: kodi inalipwa kwa M-Pesa, na M-Pesa haitumi nusu shilingi, sasa hisa milioni mia tano zinatusaidia nini? Kodi ya mwezi tunaikadiria hadi shilingi, ndiyo. Lakini inakadiriwa mara moja, mwishoni, kutoka kwenye hisa zilizo sahihi, na mwezi ujao tunaanza tena kwenye hisa zile zile sahihi. Ukikadiria hisa zenyewe, kosa linarithiwa. Mtoto anachukua kosa la baba, na mjukuu anakadiria juu ya lililokwisha kukadiriwa.

Ijumaa moja baada ya swala tuliandika ukurasa mpya, wenyewe wote wakiwapo. Ami zangu watatu 100,027,200 kila mmoja. Shangazi watatu 50,013,600. Mjane 10,319,400. Wanawe wawili 23,390,640 kila mmoja. Binti, 11,695,320. Sasa ana miaka 12 na yuko shuleni. Nilimpa kalamu nikamwomba ajumlishe, kwa mkono, mbele ya watu. Alichukua muda, akafuta mara moja, akaanza tena safu ya tatu kutoka kulia. Kisha akainua karatasi akatusomea: 518,918,400.